Bei Aliyoitaja Orrin

Kaka yangu Orrin Tveit si mtu wa uongo. Ukinunua ngano kwake, atakuonyesha gunia lenye unyevu kabla hujauliza. Ila ikifika kwenye bei ya bunduki, ulimi wake ulikuwa unateleza kama gurudumu kwenye barafu.

Kila aliporudi mnadani na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye blanketi, mkewe, wifi yangu Marlys, alimngoja kwenye mlango wa jikoni, mkono kiunoni.

"Na hiyo?"

"Dola mia."

"Mia tena?"

"Mia tu, mke wangu. Jamaa alikuwa na shida."

Ukimsikiliza Orrin ungedhani North Dakota nzima imejaa watu wenye shida, na shida zao zote zinaisha kwa dola mia.

Alikuwa na nadharia yake, na aliihubiri hata msibani. "Gari ukilitoa dukani tu limeshashuka bei," alikuwa akisema. "Benki wanakupa riba ya kununulia pipi. Lakini bunduki nzuri, ipake mafuta, iweke pakavu, inakaa hapo inakusubiri. Hiyo ndiyo pensheni yetu." Marlys, aliyefanya kazi ya keshia kwenye ushirika wa nafaka mpaka alipostaafu, alikuwa akimjibu, "Pensheni gani ya kufungiwa kwenye kabati la chuma? Mimi sijawahi kuona bunduki ikinunua mkate."

Basi vuli ile Orrin akabadilishwa nyonga, hospitali ya Fargo. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini daktari alisema asipande ngazi mpaka majira ya kuchipua. Nyumba yao ni ya zamani, ya baba yetu, na choo kiko juu tu. Fundi bomba alikuja, akazunguka chumba cha koti na viatu kule chini, akasema anaweza kutia choo na bafu pale kwa dola elfu sita. Akiba waliyokuwa nayo benki ilikuwa imeshamezwa na hospitali.

Marlys akaenda kumwona mgonjwa. Nilikuwepo. Orrin alikuwa amelewa dawa, anaitabasamia dari.

"Orrin, nikiuza bunduki chache utanuna?"

"Uza, mke wangu," akasema, amejaa fahari. "Ndiyo kazi yake. Si nilikwambia? Pensheni hiyo."

"Haya. Basi leo imestaafu."

Akajaribu kusema jambo jingine, kitu kuhusu rafiki yake Duane na bei, lakini usingizi ukamchukua katikati ya neno. Marlys akamfunika bega. "Bei naijua," akaniambia tukitoka. "Amenitajia mwenyewe, moja moja."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na gulio la bunduki katika ukumbi wa michezo wa mjini kwetu, ule ambao baridi ikikaza unamwagiwa maji yagande watu wateleze juu ya barafu. Wanawake wa kanisa huwa tunauza kahawa na pai za maboga karibu na mlango, na mimi nilikuwa zamu. Marlys akachukua meza iliyopakana na yangu. Akatandika kitambaa cha Krismasi, akalaza juu yake bunduki sita, na kila moja akaifunga kikaratasi: dola mia mbili.

"Alinunua mia," akanieleza, huku akinyoosha kitambaa. "Zimekaa miaka. Nimeziongezea mara mbili. Hata Orrin mwenyewe hatalalamika."

Mimi bunduki sizijui. Nilikata pai.

Lakini niliona jambo. Mtu wa kwanza alipita, akasoma kikaratasi, akapita, kisha akasimama kama aliyeitwa na marehemu. Akarudi. Akainua bunduki moja, Winchester kuukuu yenye kitako cheusi kwa jasho la mikono ya watu waliokwisha kufa, akasoma tena kikaratasi, akameza mate. Nyuma yake akaja mwingine. Mara pakawa na foleni, wanaume wazima, kimya kabisa. Nimeishi na watu wa kwetu maisha yangu yote. Wanakuwa kimya namna hiyo kanisani tu, na hata huko si wote.

"Mama," yule wa kwanza akasema kwa sauti nyembamba, mkono tayari uko kwenye mfuko wa nyuma, "unapokea fedha taslimu?"

"Napokea, mwanangu."

Hapo ndipo Duane Kjos alipotokea. Duane ni mfanyabiashara wa bunduki, mtu mnene mwenye masharubu, rafiki wa Orrin tangu shule. Alikuja mbio, na Duane hajapata kukimbia tangu alipooa. Akaweka kiganja juu ya Winchester.

"Samahani, bwana. Hii ina mtu."

"Mtu gani?" Marlys akashangaa.

"Mimi, shemeji. Ngoja kidogo. Usiuze hata moja. Naomba ngoja." Kisha akanivuta nyuma ya sufuria la kahawa, jasho likimtoka. "Janelle, wifi yako kaingiwa na nini? Ile Winchester nilimwuzia Orrin mwenyewe. Mia tisa!"

"Alimwambia mia."

"Najua alimwambia mia! Wote tunawaambia wake zetu mia!" Akajishika kichwa. "Nikinyamaza, wanamwibia. Nikisema, namchoma rafiki yangu akiwa kitandani. Nikinunua mimi, mwizi ni mimi. Nifanyeje?"

"Mpigie simu Orrin," nikasema. "Uongo ni wake, aubebe mwenyewe."

Tukampigia. Nikamweleza, mashine za hospitali zikilia nyuma yake.

"Mia mbili?" akanong'ona. "Zote?"

"Zote. Kuna foleni imefika kwenye pai zangu."

"Janelle, mwambie… mwambie zimepigwa marufuku kuuzwa Jumamosi."

"Mwambie mwenyewe," nikasema, nikampa Marlys simu.

Sijui alianzaje. Niliona tu uso wa wifi yangu ulivyogeuka, kutoka upole hadi mshangao, na kutoka mshangao hadi kitu ambacho kiliwafanya wanaume wa mbele warudi hatua moja. Akachukua kalamu.

"Rudia," akasema. "Ya kitako cheusi? Mia tisa." Akakata mia mbili kwenye kikaratasi. "Hii ya kuwindia bata? Mia saba. Ehe. Na hizi mbili nyeusi za kisasa?… Orrin Tveit! Elfu moja na mia nane *kila moja*? Mwaka ule uliniambia hatuna hela ya kwenda kwenye harusi ya Arizona!"

Foleni yote ikainamisha macho. Mmoja akavua kofia. Nadhani kila mwanamume pale alikuwa akifikiria kabati lake.

Alipokata simu, Marlys alikaa, akanywa kahawa yangu yote, akamgeukia Duane. "Haya, shemeji. Wewe unajua. Leo zinasimama bei gani? Na ukinidanganya, nitampigia mkeo nimweleze bei zako za kweli."

Duane akafundisha pale pale, mbele za watu, na sijapata kumwona mwaminifu kiasi kile. Winchester ilikuwa imepanda kweli, kwa sababu haijaguswa: rangi yake ile ile, skrubu zake zile zile. Zile mbili nyeusi Orrin alizinunua mwaka ambao kila mtu aliogopa zitapigwa marufuku. Hofu ilipoisha, bei ikaisha nayo. "Alinunua woga, shemeji, na woga hauna bei ya kuuzia." Na ile ya bata, yenye mitutu miwili, Duane aliipapasa kitako kilichong'aa kama meza ya hoteli, akatikisa kichwa. Orrin alikuwa ameipiga msasa na vanishi, akaipaka chuma chake rangi mpya, siku tatu za furaha kwenye gereji.

"Kwani imeharibika?" Marlys akauliza.

"Inapiga vizuri. Ila wakusanyaji wa vitu vya kale wanataka makovu yake. Hii ilikuwa na thamani mpaka Orrin alipoipenda kupita kiasi."

Kisha vikaratasi vipya vikafungwa na biashara ikaanza. Yule wa kwanza akatoa elfu mbili na mia tatu kwa Winchester bila kunung'unika, na mwingine wa nyuma akamlaani, ingawa aliyechelewa ni yeye mwenyewe. Nyeusi ziliondoka kwa hasara, mia tisa tisa. Ya bata ilichukuliwa kwa mia tatu na mkulima wa bitiruti ambaye hakujali makovu, alijali bata. Bunduki ya tano, ya kuwindia kulungu, ikapata elfu moja na mia saba. Ya sita, nayo ya kulungu, kila mtu aliisifu, kila mtu akasema ina thamani kubwa, na hakuna aliyeinunua.

"Sasa thamani yake iko wapi?" Marlys akauliza.

"Ipo," Duane akasema. "Mnunuzi ndiye hayupo."

Akajumlisha. Hela ya fundi bomba ilipatikana, na kidogo kilibaki. Halafu, keshia ni keshia, akafanya hesabu nyingine: kama hela zile zote zingekaa benki tangu mwanzo, leo zingekuwa ngapi. Akaitazama muda mrefu, akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Ni karibu sawa," akaniambia. "Wifi, miaka yote tumegombana, na ni karibu sawa!"

Orrin aliporudi nyumbani na magongo yake, nilikuwa nimepeleka chakula. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja dirisha. Marlys akamketisha, akamwekea kahawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nirudishe."

"Ningesema urudishe."

"Basi ndiyo maana."

Akamtazama, midomo ikicheza. "Kuanzia sasa tunakwenda wote. Pamoja. Na ninayeshika pochi ni mimi."

Aprili, theluji ilipoyeyuka, walinichukua hadi gulio la bunduki la Minot. Orrin alipenda bunduki moja ya zamani. Mwenye mali akataka elfu moja na mia nne. Marlys akaomba bisibisi, akafungua bamba la chini ya kitako mbele ya macho ya mtu yule, akaonyesha kutu. Waligombana kwa adabu kwa muda wa kutosha mimi kumaliza soseji mbili. Wakaondoka nayo kwa mia tisa na hamsini, na muuzaji akamuuliza Orrin kama mkewe anatafuta kazi.

Jioni ile, nyuma ya ghala, Marlys akasema lazima ajue alichokinunua. Tukaweka kopo juu ya nguzo ya uzio. Akalenga, akafyatua. Kopo halikutikisika, ng'ombe wa jirani ndio waliotikisika. Bega lilimuuma, kofia ilikuwa imemwangukia usoni, na akawa anapiga kelele, "Tena! Nipe nyingine!" Orrin alicheka mpaka gongo likamponyoka, ikabidi nimshike.