Vifungo Vinne Vyeupe

Wananiita Pasi, na sikatai. Napata moto haraka, kupoa ni taratibu, na aliyewahi kunigusa vibaya anajua. Kazi yangu ni kushona. Duka langu lina vyerehani viwili, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Nyuma ya pazia kuna chumba ambacho wateja hawakijui. Humo ndimo tunamokutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, watu wanne wazima wenye akili zetu timamu, kusikiliza roki.

Si roki yoyote tu. Sisi ni watu wa roki nzito ya miaka ya themanini: gitaa linalolia, ngoma zenye mwangwi, mwimbaji anayepanda juu mpaka unamwonea huruma, na kiitikio ambacho hata asiyejua lugha anakidaka mara ya pili. Bendi za wakati ule nyingi zimezeeka au zimekwisha. Lakini wapo vijana duniani, tena wengi, wanaopiga vilevile, na kila mwezi wanatoa santuri mpya. Hizo ndizo tunazozijadili. Majina yao yanatushinda ulimi, basi tumewapa ya kwetu. Kuna Wale wa Mikanda, kuna Visigino, kuna Ndugu Watatu Wasiopatana.

Tuna kanuni, na kanuni nilizitunga mimi. Santuri ikianza hakuna kusema neno mpaka pande zote mbili ziishe; hata kukohoa, unakohoa kwa adabu. Ikiisha, mdogo kwa umri ndiye anayeanza kusema na mkubwa anamalizia, ili pasiwe na mtu wa kumfuata mkubwa kwa sababu ya heshima. Halafu kila mmoja, kwa zamu ileile, anatumbukiza kifungo kwenye kopo la biskuti mbele ya wenzake. Cheupe, imepita. Cheusi, haikupita. Vikitoka vyeupe vinne, jalada la santuri linatundikwa ukutani kwa msumari. Kwa miaka kumi na mmoja ukuta ulikuwa na majalada manne tu, kwa hiyo mtu asidhani sisi ni watu wa kupenda kila kitu.

Mdogo wetu ni Posta, ana miaka arobaini na mmoja na anapeleka barua na vifurushi. Anayefuata ni Meno, anayetengeneza meno ya bandia, mtu mpole ambaye hawezi kumtazama mwimbaji bila kuzungumzia taya lake. Halafu mimi. Wa mwisho ni Kaka, kaka yangu wa tumbo moja, fundi saa, ambaye hukaa kwenye kigoda karibu na mashine ya santuri kwa sababu ndiye anayeitengeneza ikiharibika. Wazazi wetu hawapo, tumebaki wawili. Wifi yangu amekwenda kwa binti yao kumsaidia kulea mtoto, na anasema atarudi mwakani. Kwa hiyo Kaka anaishi peke yake na saa za watu, na siku pekee ninayomwona akicheka ni Jumamosi. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini yaliniuma maneno aliyotamka Jumamosi moja.

Tulikuwa tumemaliza santuri mpya ya Visigino. Posta alikuwa ameipenda, na Posta akipenda kitu hakai chini.

"Ile solo ya wimbo wa tatu, jamani! Mnaisikia lakini?"

"Niliisikia nikiwa na miaka kumi na sita," Kaka akamjibu. "Aliyeipiga wakati ule alikuwa na shida nayo, ilikuwa inamtoka moyoni. Hawa wamevaa nguo za marehemu."

"Nguo ya marehemu ikikatwa vizuri na kupunguzwa mabega inavaliwa na mtu akapendeza," nikamwambia. Hilo nalijua kwa mikono yangu.

Kaka akatumbukiza kifungo cheusi. Kilikuwa cha tatu kwa Jumamosi tatu mfululizo. Akakitazama humo kopoani, kisha akasema, bila hasira yoyote, kwamba amechoka.

"Nitakuja mara moja tu tena, Jumamosi ijayo. Ikinigusa, nabaki. Isiponigusa, nawaachia chumba chenu. Nyinyi mnakuja kufurahi, mimi nimekuwa mtu wa vifungo vyeusi. Haipendezi."

Akachukua kikombe chake cha bati cha bluu, ambacho kimekaa kwenye rafu yangu miaka kumi na mmoja, akakifuta kwa leso, akakitia mfukoni.

Zamu ya kuleta santuri ilikuwa yangu. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimeagiza santuri ya bendi moja ambayo hatujawahi kuisikia. Kila siku wiki ile nilimdaka Posta mlangoni kabla hajashuka kwenye baiskeli. Alhamisi akaja na kifurushi cha mraba akikiinua juu kwa mikono miwili, anakuja anacheza. Jaladani hapakuwa na picha ya mtu, ila mlima unaowaka na umeme unaupiga. Nikasema moyoni, hii hapa.

Jumamosi tukakaa. Nikaweka santuri, nikashusha sindano.

Gitaa likaingia zito, pole, kama mtu anayesukuma kabati. Ngoma zikafuata kwa mbali moja moja. Halafu mwimbaji akafungua mdomo, na sauti ilikuwa nene, ya mwanamume mwenye huzuni kubwa asiye na haraka ya kuieleza. Meno alifumba macho. Posta alisahau kutikisa mguu. Mimi sikumwangalia yeyote ila Kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na mashine, kidole chake kimoja kinagonga goti taratibu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuweza kukisoma. Hata nilipogeuza upande wa pili hakuniangalia.

Ilipoisha, Posta akashusha pumzi.

"Hawa watu hawana haraka," akasema. "Hawa wanakanyaga ardhi. Mimi sijawahi kusikia roki ya themanini ikipigwa hivi."

"Huyu jamaa ana taya pana," Meno akasema. "Na kifua. Umri wake si chini ya hamsini. Sauti ile haitoki kwenye taya la mtoto."

Mimi nilisema kwamba wamepunguza mwendo kwa makusudi, kama fundi anayeacha pindo refu ili nguo ianguke vizuri, na kwamba bendi nyingine zote zijifunze. Nilisema mengi. Nikikumbuka niliyosema, masikio yananiwaka.

Zamu ikamfikia Kaka. "Sina la kuongeza," akasema. Akachagua kifungo, akakitumbukiza. Kilikuwa cheupe.

Posta alinikumbatia mimi, akamkumbatia Meno, akataka kuikumbatia spika. Nikagonga msumari mwenyewe, nikatundika mlima unaowaka. Kaka akasema, "Basi nabaki," nikaenda mbele dukani kujifanya natafuta mkasi, nikalia kidogo kati ya vyerehani.

Jumatatu asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nikatoa karatasi ya maneno ya nyimbo nimsome yule jamaa wa taya pana. Upande wa nyuma kulikuwa na picha. Wasichana wanne wamevaa suruali za kubana, wanacheka, na anayeshika kipaza sauti ni mwembamba hata kiuno chake ningekizungushia mkono mmoja. Chini imeandikwa kwamba upande wa kwanza ni dakika kumi na nne. Sisi tulikaa karibu dakika ishirini. Nikachukua santuri, nikasogea dirishani, nikasoma namba ndogo iliyochapwa katikati: mizunguko arobaini na tano kwa dakika.

Mashine yetu ina kitufe cha mwendo. Kimekaa kwenye thelathini na tatu tangu tuanze, na kwa sababu mkono wa koti la Posta ulikuwa unakigusa kila mara, mimi mwenyewe nilikibandika plasta miaka sita iliyopita. Nikabandua plasta, nikasogeza kitufe, nikashusha sindano. Wasichana wakalipuka ndani ya chumba, mbio, wanapiga kelele za furaha, wanataka watu wacheze. Ulikuwa muziki mzuri. Lakini huzuni ile haikuwamo kabisa, wala mzee wa miaka hamsini hakuwako. Tulikuwa tumempigia kura mtu tuliyemtengeneza wenyewe kwa kuizungusha santuri polepole mno.

Nikakaa juu ya mfuko wa vitambaa. Kura ilikuwa batili, hilo halikuwa na mjadala. Na Kaka alikuwa amebaki kwa ajili ya kura hiyo. Ningeweza kurudisha plasta na kufunga mdomo. Nilifikiria hivyo Jumatatu yote na Jumanne yote, na nilishona mkono wa kushoto wa blauzi ya mtu upande wa kulia. Jumatano saa ya chakula nikapiga moyo konde, nikafunga duka, nikaenda kwake.

Duka la Kaka ni dogo, watu wawili wakiingia wa tatu anangoja nje. Alikuwa na lenzi jichoni na saa ya mkononi imefunguliwa tumbo. Nikamwekea ile karatasi mezani.

"Kaka, tuliipiga kwa mwendo usio wake. Ni ya arobaini na tano. Ni mabinti wale."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kabla huyo binti hajaanza kuimba. Mdogo wangu, kazi yangu ni kuhesabu vitu vinavyozunguka. Niliona namba ulipoiweka santuri, nikaona inavyozunguka, nikagonga goti nikahesabu. Thelathini na tatu."

Kile kidole. Moto ulinipanda mpaka kwenye nywele. "Na hukusema?"

"Kanuni inasema hakuna kusema mpaka iishe."

"Na ilipoisha?"

"Ilipoisha Posta alishaanza kukanyaga ardhi. Meno naye akaja na taya. Halafu zamu ikawa yako." Akatoa lenzi, akanitazama kwa macho yote mawili. "Ulikuwa unaniangalia kama ulivyoniangalia siku niliyokwenda shule ya bweni."

"Kwa hiyo uliniongopea. Ulitumbukiza kifungo cha uongo kwenye kopo langu!"

"Nilitumbukiza kifungo cha kurudi," akasema. "Mimi nilishatamka mbele ya watu kwamba naondoka. Nilifika nyumbani na kile kikombe, nikakosa pa kukiweka. Wiki nzima nimekaa nikijiuliza nitarudi kwa sura gani. Ningepiga cheusi ningelazimika kutimiza niliyosema."

Saa zake zote zilikuwa zinapiga kelele, kila moja na majira yake. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa haina tena pa kushika.

"Nani alikwambia tunakuita kwa ajili ya vifungo vyeupe?" nikamuuliza. "Kaka, mimi nataka uje. Piga vyeusi mpaka uzeeke, njoo tu."

Akarudisha lenzi jichoni upesi. Akasema niende, mteja wake anakuja saa nane, na mkono wa blauzi ile niufumue kabla mwenyewe hajauona. Nilikuwa nimekuja nimeishika, sikuwa na habari.

Jumamosi niliwaeleza wote, na nikaitembeza karatasi yenye picha. Meno aliitazama kwa muda mrefu.

"Taya lenyewe jembamba," akasema. "Nimeaibika."

"Mimi ndiye niliyesema wanakanyaga ardhi," Posta akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo na sisi tukaanza, na Kaka ndiye aliyecheka mwisho na kuchelewa kuacha.

Tukaipiga upya kwa mwendo wake, kimya, pande zote mbili. Posta akaisifu, akatia cheupe. Meno akasema binti anapumua vizuri, cheupe. Mimi nikasema maneno machache, safari hii machache kweli, nikatia cheupe. Zamu ikafika kwa Kaka, na wote tukawa tunalitazama kopo ili tusimtazame yeye.

"Wanakimbia mno," akasema. "Kiitikio hakina pa kupumulia, na solo ya wimbo wa pili ni nguo ya marehemu ileile, hata mabega hawakupunguza. Wale wazee wenu wa wiki iliyopita walikuwa afadhali."

Akatumbukiza kifungo. Kiligonga bati, na sikuhitaji kuinama ili kujua rangi yake. Nilifurahi mpaka mikono ikakosa kazi.

"Jumamosi ijayo nileteeni hapa Ndugu Watatu Wasiopatana," Kaka akaendelea. "Wametoa mpya. Nasikia nayo ni mbaya."

Vyeupe vitatu si vinne. Nikapanda kwenye kigoda, nikashusha mlima unaowaka, msumari ukabaki mtupu. Nilikuwa naunyoosha mkono kuung'oa Kaka aliponizuia. Akatia mkono mfukoni, akatoa kikombe cha bati cha bluu, akakitundika pale.