Nimeachia

Kila Alhamisi jioni, ukumbi wa mtaa hufunguliwa madirisha ya juu, viti husogezwa ukutani, na feni ya darini hufungwa kamba isizunguke. Ilianza kufungwa baada ya kumnyoa karani wa posta upande mmoja wa kichwa. Tangu hapo wanafunzi wa darasa la kutuliza nafsi huelea hewani bila wasiwasi, ilimradi washuke kabla wanakwaya hawajaja kufanya mazoezi.

Darasa ni la bure, kama la mapishi la Jumanne na mihadhara ya shinikizo la damu. Mwalimu wake ni mkunga mstaafu. Zamani aliwaambia watu wasukume, siku hizi huwaambia waachie. "Vuta pumzi," husema akiwa mkekani. "Sasa achia. Chochote ulichokishikilia, kiachie." Watu huachia, na visigino vyao hunyanyuka. Wengine huishia usawa wa ubao wa matangazo, wengine hufika kwenye boriti.

Fundi cherehani hakunyanyuka hata kidogo. Na alikuwa mwanamke mpenda kujua, hakuna darasa la bure lililompita. Hata la ufugaji nyuki alikwenda, na nyuki anawaogopa. Lakini Alhamisi alibaki sakafuni kama gunia la mchele, akitazama nyayo za wenzake. Kilichomkera si kubaki chini. Ni kutojua huko juu kukoje.

"Mnaona nini jamani?" aliuliza.

"Dirishani mtaa wote unaonekana," karani wa posta alimjibu. "Hata paa la nyumba ya marehemu mama yako."

Basi hapo ndipo penyewe. Mama alipokuwa kitandani alisema nyumba ni ya fundi, aliyemwosha na kumlisha mpaka mwisho. Alisema mbele ya watoto wake wote wawili. Kaka yake fundi, mwenye duka la dawa, alidai hakusikia, akaweka kufuli. Fundi akahamishia cherehani kibarazani kwa jirani, akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa. Lilikuwa lisikilizwe Jumatatu.

Na huyo kaka ndiye aliyeelea kuliko wote. Alilala chali hewani, mikono kifuani, pua karibu iguse dari, akikoroma taratibu.

"Mwalimu," fundi aliuliza, "mbona yule anaelea? Amekalia nyumba ya watu!"

Mwalimu alifikiri. "Mwanangu, mimi siulizi mtu ameachia nini. Labda yeye haoni kama amebeba kitu."

"Mdogo wangu, punguza kushikilia mambo," kaka alisema kutoka juu. "Utajitafutia presha bure."

Alhamisi ya kabla ya shauri, mwalimu alileta jambo jipya. Kila mtu aseme kwa sauti: nimeachia. Fundi hakuwa na mpango wa kumsamehe mtu. Alitaka kuona tu. Alifumba macho, akamfikiria kaka yake, hasira ikampanda kama kawaida. Safari hii hakuifuata. "Nimeachia," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

Akanyanyuka. Aliibana sketi kwa magoti, akaupita ubao, akaipita feni, karani wa posta akamsogezea nafasi dirishani. Aliliona paa la mama na bati alilolibadilisha mwenyewe mvua zilizopita. Loo, alifurahi! Hakuwa amefurahi hivyo tangu msiba. Alicheka peke yake.

"Jamani," kaka alisema, usingizi umemwisha. "Mmesikia wenyewe. Ameachia."

Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa akielea karibu na saa ya ukutani, alikohoa. "Nimesikia. Na mashahidi wapo."

"Hasira!" fundi alisema. "Nimeachia hasira. Nyumba ni yangu, mama alinipa mimi!"

"Hasira hukuitaja, dada," mwenyekiti alisema kwa upole. "Umesema umeachia. Na asiyeachia hapandi. Sote tunaona ulipo."

Watu walitazamana. Hoja ilikuwa na mashiko. Mwalimu aliwaambia watu washuke, maana wanakwaya walikuwa tayari mlangoni na vitabu vyao mkononi.

Wengine wote walishuka. Fundi alijaribu kuirudisha hasira ili naye ashuke. Aliitafuta kwa kaka, akaitafuta kwa mwenyekiti, haikuwepo. Uchungu ulikuwepo, tena mwingi, lakini haukuwa na uzito wa kumshusha mtu. Ikabidi karani wa posta apande juu ya kiti amvute mguu.

Shauri la Jumatatu halikusikilizwa. Siku hizi fundi hujifunga mkanda kwenye mguu wa cherehani ili asielee, na wateja wameshazoea. Wanasema hata pindo zake zimenyooka zaidi.

Jumamosi moja kaka yake alifika kibarazani na kitambaa cha maua begani. Alisalimia vizuri, akauliza hali ya kazi. Alikuwa amepata mpangaji, na mpangaji alitaka mapazia.

"Ya chumba gani, kaka?"

"Cha mama."

Fundi alikipokea kitambaa, akakitandaza mezani, akakata bila kuuliza vipimo.