Saba Yenye Mkia

Kinuthia alikuwa bado anatoa vipande vya kioo ndani ya mlango wa nyuma wa Toyota nyeupe, gari la miaka mingi, mteja alipofungua buti na kumletea kioo kingine, kimefungwa kwa gazeti.

"Weka hiki. Na hiyo namba kwa kona, futa kabisa."

"Sawa, mkubwa."

Mjini Eldoret wenye magari huchorewa namba ya usajili kwenye kila kioo, ili mwizi ashindwe kukiuza. Lakini bei ya kioo kipya ilikuwa imepanda, na watu walinunua vioo vilivyotolewa kwa magari mengine, wakaja kufutiwa namba za zamani. Kinuthia alikuwa amefuta namba nyingi bila kuzisoma.

Hii aliisoma. Ilikuwa na 417 ndani yake, na saba hiyo ilikuwa na mkia ulioteleza kando. Aliichora mwenyewe, hapa hapa njia ya Langas, mwezi wa kwanza, huku Lazarus, dereva wa teksi, akimchokoza: "Polepole fundi, hiyo si ugali unasonga!" Alicheka, mkono ukateleza.

Sasa ilikuwa wiki ya tano Lazarus hajulikani aliko, yeye wala teksi yake. Kila Jumatatu mkewe Angeline, Mama Marion, alipita hapa akitoka kituo cha polisi. Kila Jumatatu walimwambia alete mafuta ya gari ndiyo waende kumtafuta.

"Kwani unasoma gazeti?" Mteja alisogea. Koti lilifunguka kidogo. Pingu zilining'inia kiunoni.

"Natafuta msasa, mkubwa."

Alimwaga maji, akasugua, namba ikafifia mpaka ukabaki ukungu tu. Simu ya mteja ikalia, naye akaenda kuongelea mbele ya gari, mgongo umegeuka.

Kinuthia alikigeuza kioo. Ukingo wa chini huzama ndani ya mlango. Hauonekani hata kioo kikipandishwa chote. Alichukua kalamu ya umeme ya kuchorea vioo, akangoja lori lipite ili mlio wa kalamu usisikike, akaandika namba nzima upya. Safari hii saba iliteleza bila mtu kumchekesha.

Alipomaliza kukifunga kioo mlangoni, mteja aliingia garini, akakipandisha. Kinuthia alikodolea macho mpira wa mlango. Kioo kilisimama. Maandishi yalibaki chini.

"Unaitwa nani?"

"Kinuthia."

"Kinuthia wa wapi?"

"Wa hapa tu, mkubwa."

"Nitakukumbuka."

Gari lilipopotea, Kinuthia aliandika namba ya gari hilo pembeni mwa lile gazeti, akaketi juu ya tairi. Aripoti wapi? Kituo kilikuwa kile kile. Akapiga simu.

"Fundi?" Angeline alishika upesi. "Umesikia kitu?"

"Mama Marion, usingoje Jumatatu. Kuja leo." Aliangalia barabara pande zote mbili. "Na usipitie kituoni."