Kamati ya Risasi

Anko Festus ana bastola kubwa, ile ya risasi nene kama kidole. Canada siku hizi ni marufuku kununua bastola, lakini yake ni ya kitambo, ina leseni, na anaruhusiwa kukaa nayo bora tu awe memba wa klabu ya kulenga shabaha. Sasa klabu ikamwita kwa mtihani: risasi zote ziingie kwa karatasi ya shabaha, ama uanachama umeisha na bastola iende polisi.

Mtu wa akili angeuliza muuzaji wa risasi achukue gani. Anko aliita kamati.

Wanaume wa kanisa wakajaa kwake Mississauga, mwenyekiti Mzee Mutuma, chai na mandazi juu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufyatua kitu kikubwa kushinda manati. Anko akaweka pakiti tatu mezani. Za kwanza zina kichwa bapa na baruti kidogo, za karatasi tu. Mutuma akasema hizo ni dawa za minyoo. Za pili zina shimo kwa ncha, ndio zipanuke zikigonga. Mmoja akateta kwamba kiwanda kimepunja risasi. Za tatu ni nzito, baruti imeshindiliwa, pakiti ina picha ya dubu. Zikapita bila kupingwa.

Nikauliza kama kwa mtihani kutakuwa na dubu.

"Wewe uliacha shule kidato cha pili," Mutuma akanijibu. "Keti."

Siku yenyewe kamati yote ikaja na makoti ya Jumapili, ikasimama nyuma ya kamba. Anko akafyatua. Mkono ukaruka juu, karatasi ikabaki safi kama shati jipya. Ya pili alifunga macho kabla hata ya kufyatua, ikachimba mchanga.

Msimamizi, mama mmoja mpole anaitwa Clementina, akamsimamisha. Akamwambia bastola haina shida, ni yeye anaiogopa. Akamletea zile za kichwa bapa, aanze upya, hatahesabu zilizopotea.

Anko akazitazama. Akageuka akaona Mutuma anamkazia macho.

"Anko, chukua," nikamwambia.

"Kamati ilishapitisha," akasema.

Akamaliza na za dubu. Moja ikatoboa karatasi ya jirani.

Wiki hiyo alikuwa anaipeleka bastola polisi. Nikampigia Mutuma nimuulize kama kamati inakuja kumsindikiza. Akasema wana shughuli.