Mama wa Omena katika Somo la Nne

Nyamusi alikuwa na kanuni moja ya kazi: mtu mmoja, alama moja. Kichwa kiwe duara, macho nukta mbili, mdomo mstari. Halafu mpe kitu kimoja tu ambacho mtazamaji atamtambua nacho hata akiwa mdogo kama ukucha kwenye simu. Mzee mpe kofia. Mwalimu mpe chaki sikioni. Ukiongeza cha pili, aliwaambia wateja, mtu anaanza kutazama mchoro badala ya kusikiliza somo.

Alichorea katika chumba cha nyuma cha duka la wazazi wake mjini Migori. Wazazi walihamia hapo kutoka Kisii kabla hajazaliwa, wakauza ndizi na maparachichi, na baba yake aliwaambia waumini wenzake wa Sabato kwamba binti yake "anafanya kompyuta." Hakujua kueleza zaidi. Nyamusi alichora wahusika wa kozi za mtandaoni: kozi ya kufuga kuku, ya ushonaji, ya usalama wa madereva. Watu wadogo wa kunyoosha kidole, kukuna kichwa, kufurahi, kukosea.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, alipigiwa simu na Elkana Maranga, msimamizi wa mafunzo katika shirika dogo la afya mjini Homa Bay. Walikuwa wanatengeneza kozi ya wahudumu wa afya wa vijijini, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, wasome kwenye simu zao.

"Madam, sitaki hizi picha za kudownload," Elkana alisema. "Watu wa huku wakiona mama wa suti anasukuma mtoto kwa kigari, wanacheka tu. Nataka watu wetu. Kumi na wawili. Wawe simple, lakini mtu akiangalia aseme, huyu namjua."

Kwa hiyo Nyamusi alikwenda Karungu, akakaa siku mbili ufuoni mwa ziwa na daftari lake, mahali wanawake wanapoanika omena, dagaa wadogo, juu ya nyavu. Siku ya pili alimwona Roseline. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka tangu utotoni, kiasi kwamba akitembea ungedhani amebeba ndoo ambayo wengine hawaioni. Aliongea sana, akacheka zaidi, na wenzake walimzunguka kama wanaoota moto.

"Naweza kukuchora, mama?" Nyamusi aliuliza.

"Mimi? Na bega hili?" Roseline akawageukia wenzake, akawatafsiria kwa Kijaluo, wakaangua kicheko. "Haya, nyar Kisii," alisema, yaani binti wa Kisii, "chora. Lakini usininenepeshe. Ni ya nini?"

"Ya masomo ya afya. Ya kwenye simu."

Hayo ndiyo aliyosema, na hayo ndiyo aliyoyajua. Roseline alimpa uji katika kikombe cha plastiki, akasimama na karai la omena kiunoni mpaka mchoro ukaisha. Alipouona akawaita wote waje waone. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini juu ya nyavu.

Nyumbani Nyamusi alihamishia mchoro kwenye tableti, akaanza kupunguza. Aliondoa karai, akaondoa kitambaa cha kichwa, akaondoa mikunjo ya gauni. Bega akaliacha. Mstari mmoja tu ulioinama, na ulitosha. Katika wale kumi na wawili, huyu ndiye aliyekuwa hai. Alimchora katika mikao minane, kama mkataba ulivyotaka: amesimama, ameketi, ana wasiwasi, amebeba mtoto, analia, na mingine. Faili akaliita "Mama wa Omena," akatuma. Mkataba ulisema michoro ikishatumwa ni mali ya shirika, nalo litaitumia litakavyo. Alikuwa ametia sahihi mikataba ya namna hiyo mingi, na hakuna hata mmoja uliowahi kumsumbua.

Mwezi wa nane ikaingia simu ya namba asiyoijua.

"Wewe ndiye ulimchora Roseline?" sauti ya mwanamke iliuliza. "Naitwa Cate. Mimi ni mhudumu wa afya, jirani yake huku Karungu. Umeangalia Somo la Nne?"

Nyamusi hakuwa ameangalia somo lolote. Wachoraji hawatumiwi kozi ikiisha. Cate akamsimulia, taratibu, kama mtu aliyekwisha kulisimulia mara nyingi. Somo la Nne lilihusu dalili za hatari kwa mtoto mchanga na mtoto mdogo. Mama wa Omena ana mtoto mwenye homa. Siku ya kwanza ameketi nyumbani. Siku ya pili amekwenda kuanika samaki. Siku ya tatu jirani anamshauri, yeye anapunga mkono. Siku ya nne anambeba mtoto hadi hospitali, na muuguzi anatikisa kichwa. Kisha swali linatokea: Mama huyu alikosea wapi? Chagua jibu moja.

"Roseline alizika mtoto mwaka juzi," Cate alisema. "Obare. Mwaka mmoja na nusu. Ilikuwa homa hiyo hiyo. Na siku ya kwanza alimpeleka zahanati, mimi mwenyewe nilikuwa naye. Tulikuta imefungwa, ulikuwa wakati wa mgomo wa wauguzi. Siku ya pili tukarudi, bado imefungwa. Sasa watu wameona bega kwa simu. Wanasema serikali ilichunguza ikajua ukweli, ndiyo maana imewekwa kwa masomo. Watoto wakitoka shule wanamwita Somo la Nne."

"Sikujua kuhusu mtoto," Nyamusi alisema.

"Najua hukujua," Cate akajibu. "Lakini ni wewe nimepata namba yako."

Alipokata simu, Nyamusi alitafuta mtu wa kumkasirikia, akamkosa. Aliyeandika somo alikuwa Nairobi, hajawahi kufika Karungu. Alihitaji mama, akatazama nyuso kumi na mbili, akamchukua yule aliyekuwa na uhai zaidi. Yeyote angemchukua huyo. Nyamusi alifungua faili, akamnyoosha bega, akampa mwavuli mkononi badala yake, akarudia mikao minane. Ilimchukua muda usiozidi wa kunywa chai. Kesho yake asubuhi alikuwa Homa Bay.

Ofisi ya Elkana ilikuwa juu ya duka la saruji na mabati. Elkana alimsikiliza bila kumkatiza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii mbaya," alisema. "Pole sana, madam. Hii mbaya kabisa."

"Nimeleta mwingine. Ni huyo huyo, ila si yeye. Mbadilishe tu."

Elkana alimgeuzia kompyuta amwoneshe. Michoro haikuwa tena michoro. Ilikuwa imeunganishwa na sauti, ikawa video, na kampuni iliyotengeneza video ilikuwa imemaliza kazi yake na kuondoka. Tena masomo yalikuwa yamepakuliwa kwenye simu za wahudumu zaidi ya mia nane, ili yafanye kazi hata pasipo na mtandao. Hata wangebadilisha leo hii, yale yaliyo kwenye simu yangebaki vilevile mpaka kila mtu ayafute mwenyewe.

Alipiga simu Nairobi, kwenye ofisi iliyoandika masomo, mbele yake, akaweka sauti juu. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Alisikitika. Alisema mhusika ni wa kubuni na hilo limeandikwa mwishoni mwa kozi. Alisema Somo la Nne ndilo linalofanya vizuri kuliko yote, kwamba wahudumu wanalikumbuka, na kuna akina mama wanaowahi hospitali kwa ajili yake.

"Mchoro mpya tutauweka kwenye toleo lijalo," alisema.

"Lini?" Nyamusi aliuliza.

"Bajeti ikipitishwa."

Chini mtu alikuwa akipakia mabati kwenye mkokoteni. Nyamusi alifikiria kina mama hao wanaowahi hospitali. Hakuweza hata kusema somo ni baya.

"Naweza kuandikia grupu ya wahudumu wa Karungu," Elkana alisema mwishowe. Akaandika kwenye simu: Mhusika wa Somo la Nne hahusiani na mtu yeyote aliye hai. Akampa asome.

Nyamusi alisoma mara mbili. Aliyekuwa hajamtambua Roseline, akisoma hivyo, atarudi kutazama vizuri.

"Usitume," alisema.

"Nisitume?"

"Sijui."

Elkana aliiweka simu mezani, kioo chini.

Jumapili Nyamusi alikwenda Karungu. Cate alimpokea barabarani, akampeleka mpaka kwa Roseline. Roseline alikuwa peke yake nyuma ya nyumba, akipepeta omena zake. Cate alikuwa ameshamweleza Nyamusi kwamba siku hizi haaniki ufuoni pamoja na wengine, anaanika nyumbani, ingawa nyumbani kuna vumbi na kuku.

"Karibu, nyar Kisii," Roseline alisema. Akamletea kiti. Hakucheka, lakini hakuwa mkali pia, na hilo Nyamusi hakuwa amejiandaa nalo.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Nimesikia. Cate ameniambia ulienda mpaka Homa Bay." Alifuta mikono kwenye leso. "Unayo hapo? Hiyo kitu. Mimi simu yangu ni kabambe, hii ndogo ya vitufe, haioneshi picha. Kila mtu ameona isipokuwa mimi."

Nyamusi alimtazama Cate. Cate akatoa simu yake, akalitafuta somo, akampa Nyamusi, na Nyamusi akamshikia Roseline simu mbele ya macho kwa mikono miwili. Sauti ya mwanamke ilisoma kwa Kiswahili kizuri. Roseline alitazama lote, siku ya kwanza mpaka ya nne, na lilipofika swali alinyoosha kidole karibu kugusa kioo, akakirudisha.

"Rudisha nyuma," alisema. "Hapo. Siku ya kwanza. Mbona amekaa?"

Nyamusi aliisimamisha video hapo.

"Mimi sikukaa. Nilitembea. Nilimfunga mgongoni, na jua lilikuwa kali, nikamfunika na leso ya pili. Cate, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," Cate alisema.

"Nilibisha ule mlango mpaka mkono ukauma." Akamgeukia Nyamusi. "Unaweza kumchora akitembea?"

"Naweza, mama."

"Chora."

Nyamusi alitoa tableti, akaiweka magotini. Alichora mama akitembea, mtoto mgongoni, leso juu ya mtoto. Alipofika kwenye bega mkono ulisimama. Roseline aliona.

"Weka," alisema. "Si ni mimi?"

Akachora zahanati, na mlango, na kufuli. Roseline alimwelekeza: mti uko upande huu, siyo ule, kulikuwa na mama mwingine ameketi kwenye ngazi, mjamzito, mchore naye. Walifanya hivyo kwa muda mrefu. Ilipokwisha, Roseline aliichukua tableti, akaitazama, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Nitume kwa grupu?" Cate aliuliza kwa sauti ndogo. "Watu waone."

Roseline alifikiri. "Wataona nini? Watasema nimeenda kulia kwa mchoraji, amenibadilishia." Akamrudishia Nyamusi tableti. "Kaa nayo wewe."

"Nifanye nini, mama? Niambie kitu chochote, nitafanya."

"Hakuna, nyathina," Roseline alisema, yaani mwanangu, na alisema bila uchungu, kama anayemjulisha mgeni kwamba sukari imeisha. "Ungeweza kitu ungekuwa umeshafanya. Nimeona hivyo."

Upepo wa ziwa ukaanza kuinuka na mawingu yakaja, ikabidi omena zikusanywe haraka. Nyamusi aliinuka kusaidia. Hakujua namna ya kukunja wavu bila kumwaga, akamwaga kona nzima kwenye vumbi, kuku wakakimbilia. Roseline alimwambia taratibu asimame kando.

Mwezi wa kumi na moja kozi ilipelekwa Suba Kusini. Elkana alimtumia Nyamusi picha kutoka huko, Magunga: wahudumu kama arobaini chini ya hema, wengi wakiwa na madaftari, na kwenye kitambaa cheupe mbele yao, mkubwa kuliko mtu, Mama wa Omena ameketi siku ya kwanza. Wanawake wawili mstari wa mbele walikuwa wamemnyooshea kidole.

Chini ya picha Elkana aliandika: Toleo jipya bado. Naendelea kuwasukuma. Pole.

Nyamusi aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika lingine, akalifuta pia. Dukani mama yake alikuwa anamwita aje ashike upande wa pili wa gunia la ndizi. Akaandika, Sawa, akatuma, akaenda.