Vistari vya Chini ya Msalaba

Fundi alifungua mlango wa karakana ya bunduki Jumanne asubuhi, akaziba pua kabla hajatua hata mkoba wake. Sindano alikuwa ametangulia, amesimama kando ya meza ya kazi, suruali imeganda hadi magotini kwa kitu ambacho hakikuwa tope, na chumba kizima kilinuka utumbo. Nguruwe pori, alisema, jike. Alimpiga jana yake pembezoni mwa shamba la mahindi, mnyama akakimbia na tumbo lililopasuka, na yeye akamfuata kwenye matete saa nne nzima kwa kufuata vilivyokuwa vinamdondoka. Alipomfikia alikuwa bado anapumua, na inzi walikuwa wameshaanza kazi yao.

Huyo alikuwa wa tatu mwezi ule. Kwa miaka ishirini Sindano alikuwa mpiga bunduki wa idara ya wanyamapori, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Kila nguruwe aliyeingia mashambani, Sindano alimchoma risasi moja nyuma ya bega, mnyama akaanguka palepale aliposimama. Sasa wakulima walikuwa wanacheka mbele yake kwamba sindano imeingia kutu. Idara nayo ilikuwa imemwita kikaoni Alhamisi kupima kama macho yake bado yanafaa. Yakionekana hayafai, atanyang'anywa bunduki na kupelekwa getini kuinua na kushusha kizuizi cha magari mpaka astaafu.

"Dada, nitazamie bunduki kwa mara nyingine," alisema. "Macho yangu nayajua. Sijui kinachotokea."

Fundi aliipokea bunduki bila kumtazama usoni. Yeye alijua kinachotokea. Alikuwa anajua kwa siku nane.

Ubaya wenyewe ulikuwa mdogo, wa kuelezeka kwa dakika moja. Risasi ikitoka mtutuni huanza kushuka, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyozidi kushuka. Kwa hiyo ndani ya darubini za bunduki zao, chini ya msalaba wa katikati, kulichorwa vistari vitatu: cha kwanza cha mita mia mbili, cha pili mia tatu, cha tatu mia nne. Mpigaji hukadiria umbali, anaweka kistari chake juu ya mnyama, anavuta kifyatulio. Lakini vistari hivyo vilichorwa kwa ajili ya risasi moja tu, ile nyepesi yenye mbio waliyoizoea. Miezi miwili nyuma mkuu wa ghala aliagiza nyingine, nzito na ya polepole, akaandika kwenye kitabu kwamba ni ileile.

Mkuu wa ghala alikuwa mjomba wake Fundi, ndugu wa mama yake tumbo moja. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemwingiza kazini.

Risasi mpya zilipofika, Fundi alizipima kama walivyopima siku zote, kwenye uwanja wa nyuma ya karakana wenye mita mia moja tu. Alirekebisha msalaba, akapiga tano, zote zikaingia kwenye tundu unaloweza kuliziba kwa kisoda. Akaandika kwenye fomu kuwa bunduki, darubini na risasi vimelingana, akatia saini. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za vistari vya chini, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mahali pa kuvipimia.

Nguruwe wa kwanza alipopigwa tumbo, shaka ilianza kumkereketa. Jumatatu iliyofuata alichukua risasi za aina zote mbili akaenda peke yake kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, akasimamisha mbao za shabaha. Kwenye mita mia mbili risasi mpya ilishuka vidole viwili chini ya ile ya zamani. Kwenye mia tatu, kiganja kizima. Kwenye mia nne ilikuwa shubiri na ushee, na shubiri chini ya moyo wa nguruwe ni matumbo au miguu au hewa tupu. Alikaa juu ya jiwe akapiga hesabu mpya: kistari cha mia mbili kisomwe mia na sabini na tano, cha mia tatu kisomwe mia mbili na hamsini, cha mia nne kisomwe mia tatu na hamsini. Basi. Kikaratasi cha kubandika kwenye kitako cha bunduki kingemaliza mambo.

Alikipeleka kikaratasi hicho kwa mjomba jioni ileile. Mjomba alikuwa anakula karanga, akayasoma yale maandishi huku maganda yamemganda mdomoni, kisha akakikunja na kukitia mfukoni. Alisema mstari ni mstari, haujui risasi gani imepita. Alisema kubandika kadi ni kutangaza kwamba ghala limekosea. Risasi za zamani zingeagizwa msimu ujao, na mpaka hapo watu wapige kwa karibu tu. "Wewe ni mwanangu," alimalizia. "Usinivue nguo mbele za watu." Fundi alitazama yale maganda, akasema sawa, mjomba. Neno hilo lilimchukiza hata lilipokuwa linamtoka. Hakuna aliyewaambia wapigaji wapige karibu, na aliyezoea kupiga mbali kuliko wote alikuwa Sindano.

Alhamisi wakakutana kwenye chumba cha mikutano, mkaguzi kutoka makao makuu akiwa kichwani mwa meza, mwanamama mwenye sauti ndogo na kalamu isiyotulia. Mjomba ndiye aliyeongoza mambo. Alikuwa amebandika ukutani karatasi ya kupimia macho, akamsimamisha Sindano mwisho wa chumba, akamfunika jicho moja kwa kiganja chake mwenyewe kama mtoto wa chekechea. Sindano alisoma mstari wa juu, akashuka, akashuka tena, akaimaliza yote, akaongeza na jina la kiwanda kilichochapa karatasi, lililokuwa pembeni kwa herufi ndogo za kusakwa. Mkaguzi alicheka. Mjomba naye alicheka, tena kwa mapenzi, akamshika Sindano bega na kusema kusoma si kulenga, mzee mwenzangu, hata mimi umri umenigonga, na getini kuna kivuli kizuri.

Fundi aliutazama mkono ule juu ya bega lile. Mjomba akasukuma faili mbele yake. Ilibaki athibitishe tu kwamba silaha haina kasoro.

"Ina kasoro," alisema Fundi. Akatoa mkobani makaratasi ya shabaha ya machimboni, akayatandaza mezani, matundu ya risasi za zamani juu na ya zile mpya chini, akaeleza yote bila kupumzika. Mkaguzi aliweka kiganja chake kwenye pengo la mita mia tatu. Kikaenea.

Mjomba hakupandisha sauti. Alifungua faili, akaweka kidole chini ya fomu.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Kuna aliyekushika mkono?"

"Hakuna. Nilipima mita mia, nikaandika vimelingana. Lakini wiki iliyopita nilikuletea kadi, mjomba, ukaitia mfukoni."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Hatimaye akasema shauri la macho limefungwa, Sindano abaki na bunduki yake, na mkuu wa ghala amfuate ofisini na kitabu cha risasi. Mjomba aliondoka bila kumtazama mpwa wake. Fundi alibaki na Sindano, akijihisi mwepesi, hata akaanza kutabasamu. Alikuwa ameandika kadi nyingine, nadhifu kuliko ya kwanza. Akamnyooshea.

Sindano hakuipokea. "Machimboni ulikwenda siku gani?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Ya wiki iliyopita."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza. "Jumanne yake nilikuletea bunduki uisafishe. Ukanirudishia kwa mkono wako, ukaniambia iko sawa. Jumatano nikampiga yule wa pili. Jumatatu hii huyu jike." Akakunja kidole cha mwisho. "Alikuwa na mimba, dada. Nimewaona watoto kabla sijamfikia mama."

Fundi alitaka kutaja mjomba, na malezi, na miaka yote ile. Badala yake akaisogeza kadi karibu zaidi.

Sindano akaichukua kadi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota kitu chooni, akaisoma mara mbili na kuitia mfuko wa shati. Kisha akachukua bunduki yake, iliyokuwa imeletwa kikaoni ikaegemezwa ukutani.

"Kuanzia leo," alisema, "nitaisafisha mwenyewe."