Nguzo ya Sebuleni

Vumbi lilianza kudondokea ndani ya birika la chai kabla mtu yeyote hajasikia boriti ikilia. Mwenye nyumba alifunika kikombe chake kwa kiganja. Mkewe alitazama juu, akaona ufa umekwisha kuila boriti ya sebuleni hadi katikati, na dari imeanza kushuka kama tumbo la mlevi. Dada wa mwenye nyumba, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi, alikuwa amesimama mlangoni, sanduku mkononi. Alikuwa akihama asubuhi hiyo. Alikuwa amepata chumba chenye dirisha la kuelekea barabarani, mahali pazuri kwa mshonaji, na cherehani yake ilikwisha kufungwa kamba tayari kubebwa. Aliliweka sanduku chini, akaingia chini ya boriti na kuipokea kwa viganja viwili, ili wengine wapate nafasi ya kuiokoa televisheni.

Waliiokoa televisheni. Kisha wakamwita fundi.

Fundi huyu alisifika mtaa mzima kwa ubunifu. Hakubadilisha kitu ambacho kingeweza kuegemezwa. Bomba la jirani lililodondosha matone alilifunga uzi, maji yakawa yanateremka kimyakimya, naye akaitwa bingwa ingawa maji yaliendelea kupotea. Mlango uliokataa kuingia kwenye fremu aliuacha ulivyo, akaichonga fremu. Katika nyumba hii hii aliwahi kuvuta kutoka kwenye bomba la sinki kishungi cha nywele kilichoganda mafuta, akakikamua kwa vidole, akakisokota vizuri, na kuziba nacho ufa wa dirisha la watoto. Tangu hapo dirisha halikupitisha upepo. Lilipitisha harufu. Misumari yake aliihifadhi mdomoni, na kila alioutoa ulitoka na uzi wa mate.

Alimzunguka Shangazi mara moja, akamgonga begani kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Mzima huyu," alisema, misumari ikimcheza mdomoni. "Hana uwazi ndani. Bosi, nguzo mnayo."

"Huyo ni dada yangu," alisema mwenye nyumba, kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo tu.

"Nguzo ni kazi, bosi, si mti. Mti usio na kazi ni kuni."

"Lakini si atachoka?" aliuliza mke.

"Kwani mama, ulishawahi kumwona amekaa?"

Mke alifikiri. Hakukumbuka.

"Kaka, mwenye chumba ananisubiri," alisema Shangazi kutoka chini ya boriti.

"Asubiri. Chumba hakina miguu."

"Mpaka mwisho wa wiki tu, wifi yangu," alisema mke kwa upole, huku akipangusa vumbi kwenye televisheni. "Tukipata nguzo ya maana, unakwenda zako."

Fundi aliingiza kipande cha ubao kati ya viganja vya Shangazi na boriti, akakunja karatasi ngumu na kuisukuma chini ya kisigino cha kushoto, kilichokuwa kifupi kidogo. Sanduku aliliegemeza kwenye mlango wa sebule, ambao ulikuwa na tabia ya kujibamiza.

Mwisho wa wiki ulifika, ukapita, na miisho mingine ikaufuata. Viwiko vya Shangazi vilikaza. Ngozi ya miundi yake ilianza kuonyesha mistari mirefu kama ya ubao uliopigwa randa, na vidole vya miguu vikajishikiza kwenye saruji. Watoto walitundika mikoba ya shule kwenye kiwiko chake wakiingia, wakamsalimu, "Shikamoo, Shangazi," naye akaitikia marahaba. Mwanzoni walimlisha kwa kijiko kila mlo ulipopakuliwa. Baadaye walimlisha makombo baada ya wote kunawa, kwa kuwa nguzo haiwezi kulalamika kuwa chakula kimepoa. Mchuzi ulimkaukia kidevuni, na inzi wakajifunza saa zake.

Wageni walioketi sebuleni waliisifu kazi. Jirani mmoja alimvuta fundi pembeni na kumwuliza kama shemeji yake mjane, aliyekuwa mfupi lakini mnene, angefaa kwenye veranda.

"Nitakuja kumpima," alijibu fundi.

Kisha walikuja mchwa. Walitoka chini ya sakafu, wakajenga njia yao ya udongo mbichi kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, na kupotelea ndani ya gauni. Shangazi ndiye aliyewagundua.

"Wahenga hawakukosea," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako." Akacheka peke yake, na vumbi kidogo likaanguka.

"Wifi, jamani, usicheke," alisema mke. "Tena angalia unavyonichafulia sakafu."

Fundi alikuja na debe la oili chafu ya magari na brashi iliyonyonyoka nusu. Alimpaka kuanzia nyayo hadi kwapani, akirudia penye mikunjo, na brashi ilipotoa unywele alimbandika nao palepale. Oili ilimchuruzika magotini, ikafanya ziwa jeusi sakafuni, na kwa muda mrefu kila kilicholiwa sebuleni kilikuwa na ladha ya gereji. Mke aliziba pua kwa ncha ya kanga. Alisema kwamba kwa kweli kuna mambo hayavumiliki, akahamishia meza ya chakula upande wa dirishani.

Siku ileile ya kupakwa oili Shangazi alimwita kaka yake kwa sauti ndogo.

"Kaka, iuzeni cherehani yangu. Ninunulieni nguzo."

"Utashonea nini?"

"Nitashona kwa mkono. Mikono nikiipata."

Waliiuza. Wanaume wawili waliiletea nyumba nguzo ya mninga, nyekundu, imenyooka kama alifu, wakailaza miguuni pake. Shangazi aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa wa kwanza kuona kwamba urefu wake ulitosha kabisa.

Fundi alipiga magoti, akaupapasa mninga, akaunusa. Alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Bosi, mti kama huu unausimamisha chini ya boriti? Hii ni dhambi. Nani atauona?"

"Basi tufanyeje?"

"Televisheni yako inakaa juu ya kreti la soda. Mwanamume mzima!"

Mwenye nyumba alilitazama kreti. Alimtazama mkewe, naye mke akalitazama kreti pia. Msumeno uliimba mpaka alasiri. Meza ya televisheni ilitoka nzuri, lazima isemwe, yenye kingo zilizopigwa msasa mpaka zikang'aa.

"Na mimi, kaka?" aliuliza Shangazi.

"Wewe si umeshazoea?" alijibu mwenye nyumba, akitafuta mahali pa kuchomeka waya.

Fundi alikuwa akikusanya vifaa vyake alipotambua kwamba nguzo ilikuwa imesinyaa kidogo, kama ilivyo desturi ya vitu vibichi vikikauka, na kwamba kati ya viganja na boriti palikuwa pamebaki upenyo. Hakutaka kuacha kazi nusu. Aliokota kipande cha mninga kilichosalia, akakichonga kabari, akaitemea mate ili iteleze, na kuigongomea chini ya kisigino mpaka Shangazi akakaza.

Asubuhi iliyofuata familia ilikunywa chai, na hakuna vumbi lililoingia kwenye birika.